Kabla Useme Mambo ya Angani ni Uwongo, Kwanza Pitia Ngomeni

Krismasi ya 2021, saa tisa na dakika 20 alasiri. Pengine wewe ulikuwa unamalizana na sahani ya mwisho ya pilau, ama uko Silversands na mbogi mnapiga picha. Saa hiyo hiyo, huko Kourou, Guyana ya Kifaransa, roketi ya Ariane 5 ilikuwa inapaa ikiwa imebeba James Webb, darubini kubwa zaidi kuwahi kutumwa angani. Karibu nusu saa baadaye darubini ikaachana na roketi. Wanasayansi wa Marekani, Ulaya na Canada wameshika roho, wanangoja ishara moja tu ya kuonyesha kwamba mambo ni fiti. Unajua ni nani alidaka hiyo ishara? Kituo cha Malindi. Malindi hii hii yetu ya mahamri na mbaazi.

Sasa shuka steji ya Malindi leo, uulize wasee watano kama binadamu amewahi kukanyaga mwezi. Wawili watakucheka. Mmoja atakwambia ile ilikuwa filamu ya wazungu. Ukiuliza kile kituo cha Wataliano pale Ngomeni kinafanya nini, watu watano watakupa majibu saba: wanachimba madini, wanasikiliza simu zetu, wanafukuza mvua, wanaficha silaha. Na kuna yule mmoja, hakosi, mwenye ameshakula video za TikTok mpaka akaamua dunia ni bapa kama chapati.

Hii makala ni ya kukusaidia siku utakutana na huo mjadala maskani. Na nikuambie mapema: mimi si profesa. Nilikuwa chuo nikatoka mwaka wa pili, karo ilikataa. Tena wakati wa korona, nikiwa nimefungiwa nyumbani bila form yoyote, nilikesha wiki tatu nzima na hizo video za dunia bapa. Kwa hivyo sikuandikii nikiwa juu ya mti.

San Marco ni nini hasa

Wenyeji wengi hukiita kituo hiki San Marco. Jina rasmi sai ni Kituo cha Anga cha Luigi Broglio, la yule profesa Mtaliano aliyekianzisha, ambaye alifariki 2001. Ukitoka Malindi unachukua barabara ya Lamu, unapita Mambrui, unapita Gongoni penye mashamba ya chumvi, halafu unakata kulia kuelekea baharini. Ni kama kilomita 30 hivi. Ukifika ufuoni Ngomeni, tazama majini. Yale majukwaa ya chuma yaliyosimama kwa miguu mirefu ndiyo yenyewe: moja linaitwa San Marco, ambapo roketi zilikuwa zinarushiwa, na lingine Santa Rita, ambapo mitambo ya kuongoza ilikaa.

Roketi ya kwanza kupaa kutoka hapo ilikuwa ndogo, ya majaribio, mwaka wa 1964. Kenya ilikuwa na uhuru wa miezi michache tu. Tarehe 26 Aprili 1967 ndipo ngoma ikaiva: setilaiti ya Italia, San Marco 2, ikarushwa kutoka kwa jukwaa na ikaingia kwenye mzunguko wake. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka hapo, zote kwa roketi ya Kimarekani inayoitwa Scout. Nyingine zilikuwa za Italia, nyingine za Marekani, na moja, Ariel 5 ya 1974, ilikuwa ya Uingereza.

Mbona Ngomeni na si Roma? Sababu ni kwamba dunia inazunguka, na sehemu inayozunguka kwa kasi zaidi ni ikweta, karibu kilomita 1,670 kwa saa. Sisi tuko digrii tatu tu kusini mwa ikweta. Roketi ikirushwa hapa kuelekea mashariki, inaanza safari ikiwa tayari imesukumwa na dunia yenyewe, kama vile makanga anavyodandia matatu ikiwa mbio. Halafu mashariki ni bahari tupu. Roketi ikifeli, inaanguka majini, haianguki kwa boma la mtu.

Ile moja ambayo kila Mkenya angepaswa kujua jina lake

Kati ya zile tisa kuna moja inaitwa Uhuru. Ilirushwa Ngomeni tarehe 12 Disemba 1970, siku ya Jamhuri, Kenya ikisherehekea miaka saba ya uhuru. Ilikuwa setilaiti ya Marekani, na msimamizi wa mradi alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend. Yeye ndiye aliyeipa jina la Kiswahili, kwa heshima ya nchi iliyowapokea.

Kazi yake ilikuwa kutafuta eksirei zinazotoka angani. Hewa ya dunia huzizuia eksirei hizo zisifike chini, na hiyo ni bahati yetu, la sivyo tungekuwa tunachomwa kila siku. Ukitaka kuziona lazima utoke nje ya hewa. Kabla ya Uhuru, roketi ndogo zilichungulia huko juu dakika chache tu kisha zikaanguka. Uhuru ikakaa zaidi ya miaka miwili ikipiga msasa anga lote na kurudi na orodha ya vyanzo 339. Vipimo vyake juu ya kitu kimoja kinachoitwa Cygnus X-1 vilisaidia wanasayansi kufikia hitimisho kwamba hapo kuna shimo jeusi, yaani mahali ambapo mvuto una nguvu hadi mwanga wenyewe hautoki. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo ya sayansi, alipewa Nobel ya fizikia mwaka wa 2002.

Kwa hivyo ukiskia mtu anasema mashimo meusi ni hadithi za Marekani, mwambie sehemu kubwa ya hiyo hadithi ilianzia baharini mbele ya kijiji cha wavuvi, Kilifi Kaunti.

Setilaiti ya mwisho ilitoka 25 Machi 1988. Tangu hapo hakuna roketi imepaa Ngomeni, majukwaa yanapigwa na chumvi na jua. Lakini upande wa nchi kavu kazi haijasimama. Zile antena kubwa huongea na setilaiti zinazopita juu, zinashusha data, na zinafuatilia roketi za Ulaya zikikatiza Afrika. Webb ilipita hivyo.

Basi mbona watu hawaamini?

Hapa ndipo huwa nakosana na watu wa sayansi. Wao hudhani shida ni ujinga. Mimi nasema ukiangalia vizuri, hii shaka ina mama na baba.

Fikiria mtoto wa Ngomeni. Babu yake aliona moshi na moto ukipaa kutoka baharini. Baba yake aliona ua na geti. Yeye anaona antena. Vizazi vitatu viko jirani na kitu ambacho wakubwa wanasema ni cha maana duniani kote, na nyumbani kwao maji safi bado ni ya kusumbukia. Wakazi na viongozi wa Kilifi wamelalamika miaka mingi, hadharani, kwamba faida ya San Marco hawaioni. Ukijenga ua kwa miaka 60 na usieleze kilicho ndani kwa lugha ya jirani, jirani atajaza nafasi hiyo mwenyewe. Na hawezi kuijaza na eksirei kwa sababu hakuna aliyemwambia kuhusu eksirei. Ataijaza na madini, kwa sababu madini anajua vile yanaibwa.

Halafu kuna serikali na mdomo wake. Unakumbuka 2023? Watu wa hali ya hewa walikuwa wametoa tahadhari ya mvua kubwa ya El Niño. Oktoba, Rais akatoka akasema El Niño haitakuja vile tulivyoambiwa, ni mvua ya kawaida iliyozidi kidogo. Novemba anga likafunguka. Zaidi ya watu 100 walikufa nchini kwa mafuriko, na barabara za Pwani zikakatika. Sasa mtu aliyezikwa na matope hatofautishi mtaalamu na mwanasiasa. Kwake yeye, "walisema" ni mtu mmoja.

Na mambo mengine yanachanganya kweli, hata ukiwa na akili zako timamu. Tarehe 30 Disemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha kama mita mbili na nusu na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni. Kutoka juu, mchana kweupe. Ungekuwa wewe ungefikiria nini? Shirika la Anga la Kenya, ambalo liliundwa 2017, lilifika, likaichukua na kusema ni kipande cha roketi, ile pete inayoachia sehemu moja itoke kwa nyingine. Siku chache baadaye kukazuka stori kwamba Kenya inaidai India fidia, na shirika likabidi likane. Lakini angalau hapo walitoka mapema wakaongea, watu wakapata kitu cha kushika. Pia zile taa zinazopita usiku zikiwa zimejipanga kama mabehewa ya treni, ambazo hujaza simu yangu na meseji za "bro umeona?", ni setilaiti za Starlink zikiwa zimetoka tu kurushwa. Hakuna anayetangaza zinapita lini, kwa hivyo kila mtu anashtuka kivyake.

Mwisho kuna biashara. Video ya kusema "NASA wamekudanganya" inaangaliwa kuliko video ya kueleza kivuli. Anayeitengeneza analipwa kwa macho yako. Yeye hajali kama dunia ni bapa, duara au pembetatu, mradi wewe hujafunga simu.

Hii si mchezo, na Kilifi tunajua

Unaweza kusema, sawa, msee akiamini dunia ni bapa kwani anaumiza nani? Mwenyewe nilikuwa nasema hivyo. Kisha Aprili 2023 ikafika, na msitu wa Shakahola, hapa hapa kaunti yetu. Miili zaidi ya 400 imefukuliwa, mingi ya watoto. Kesi ilienda kortini, washtakiwa walikana mashtaka, na kazi ya kuhukumu ni ya mahakama. Ninachotaka uone ni njia ilivyoelekea kule. Waliotoka wakiwa hai na jamaa za waliokufa wameeleza kwamba watu waliambiwa shule ni mbaya, hospitali ni mbaya, kitambulisho ni alama ya shetani. Mlango mmoja mmoja ukafungwa, mpaka sauti iliyobaki ikawa moja.

Sisemi mtu wa dunia bapa ni mtu wa Shakahola. Hapana, tusikosane. Wengi ni wabishi tu wa kupitisha jioni. Lakini nina mdogo wangu, ako kidato cha tatu. Mwaka jana alikuja akaniambia anaacha fizikia kwa sababu "vitabu vyote ni vya wazungu na wazungu wanadanganya." Kijana ambaye akiwa na miaka tisa alifungua redio ya mathe akairudisha na ikaimba. Hapo ndipo kicheko kiliniisha. Kitu cha kwanza alichopoteza kwa hizo video ni somo alilokuwa analipenda.

Na mvuvi je? Mapema Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuwa kinakuja kutoka baharini. Setilaiti zilikiona siku kadhaa kabla, idara za hali ya hewa za Kenya na Tanzania zikatoa tahadhari, wavuvi wakaambiwa wasitoke. Mjomba wangu anavua Mayungu. Yeye alivuta mashua juu. Jirani yake alisema setilaiti ni uwongo, akaenda. Alirudi, Mungu saidia, ila nyavu na injini vilibaki huko. Bado analipa deni la hiyo injini.

Usiniamini mimi, jipimie

Raha ya mambo ya angani ni kwamba mengi huhitaji kuamini mtu. Pwani hasa, tuko kwa kiti cha mbele.

Anza na kitu unakiona kila siku: jahazi linatoka. Likienda mbali, kinachopotea kwanza ni mwili wake, tanga linabaki, mwisho kabisa ncha ya mlingoti. Msee wa dunia bapa atakwambia ni macho yako tu, ukivuta kwa kamera litarudi. Ni kweli kamera inarudisha kitu ambacho kimekuwa kidogo. Lakini mwili uliofichwa na maji haurudi hata ukinunua kamera ya laki tatu. Panda ghorofa, na ule mwili unaonekana tena. Kwa mtu wa kimo cha kawaida aliyesimama ufuoni, maji yanaanza kukunja chini kama kilomita nne na nusu tu kutoka miguuni pake. Wazee hawakuhitaji NASA kujua hili. Ndiyo sababu mtu wa kutafuta nchi kavu alipandishwa mlingotini.

Wazee hao hao walijua nyota. Mwaka wa 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi alikuwa hajui njia ya India. Alipewa rubani hapa na akafika Calicut mwezi uliofuata. Marubani wa bahari hii walipima urefu wa Nyota ya Kaskazini kwa kibao na kamba yenye mafundo, kifaa kinachoitwa kamal. Sasa jaribu kuitafuta hiyo nyota ukiwa Malindi. Huipati, iko chini ya upeo wa macho. Ukisafiri kaskazini ukavuka ikweta, inaanza kuchomoza, na kadiri unavyoendelea ndivyo inavyopanda. Kwenye chapati, nyota iliyo juu ingeonekana na wote.

Angalia pia dishi la DStv kwa paa la jirani. Linalenga setilaiti iliyo juu ya ikweta, upande wa magharibi wetu kidogo, kilomita karibu 36,000 kwenda juu. Ndiyo maana fundi wa Malindi hulilaza chali, litazame karibu utosini. Binamu yangu anaishi Johannesburg, na huko madishi yanatazama kaskazini-mashariki, yameinama zaidi. Hakuna fundi aliyekula njama na NASA kwa kazi ya elfu mbili.

Na kama ulikuwa nje usiku wa 7 Septemba 2025, uliona mwezi ukipatwa. Kuanzia saa mbili na nusu usiku ukawa mwekundu wote kwa zaidi ya saa moja. Kabla haujafika hapo, kivuli kilikuwa kinautafuna kutoka upande, na ukingo wa hicho kivuli ulikuwa wa mviringo. Hicho ni kivuli chetu sisi. Saa na dakika zilikuwa zimeshajulikana miaka mingi kabla.

Lakini kipimo ninachokipenda zaidi ni cha fimbo, na kinatumia kitu ambacho Waislamu wa Pwani wanakijua: kibla. Kila mwaka tarehe 27 au 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana, jua linakuwa juu kabisa ya Makka. Fimbo iliyosimama wima pale haina kivuli. Saudia na sisi tuna saa moja, kwa hivyo huhitaji kubadilisha chochote. Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja kutoka Malindi. Watu hutumia dakika hiyo kuhakikisha mwelekeo wa kibla: lilipo jua ndipo ilipo Makka. Sisi tukaitumia kupima dunia.

Tulisimamisha fimbo ya mita moja mchangani, mimi na mdogo wangu, tukatumia uzi wenye jiwe kuhakikisha haijainama. Saa sita na dakika 18 tukapima kivuli: sentimita 46 na ushee. Kivuli hicho kinamaanisha jua limeinama digrii kama 24 na nusu kutoka utosini. Umbali wa Malindi mpaka Makka ni karibu kilomita 2,735. Ikiwa digrii 24.6 ni kilomita 2,735, digrii 360 ni kiasi gani? Toa simu upige hesabu. Unapata kilomita 40,000 hivi, na huo ndio mzingo wa dunia unaoandikwa vitabuni. Kwa fimbo na uzi.

Mdogo wangu si mjinga. Akasema: "Hiyo haimaanishi kitu. Kama dunia ni bapa na jua liko karibu, kivuli kitatokea tu." Na ako sawa! Ukiwa na fimbo mbili tu, chapati nayo inakubali; inabidi tu jua liwe na urefu wa kama kilomita 6,000. Hapo ndipo video nyingi hukuacha. Hazikuambii uweke fimbo ya tatu.

Ya tatu tuliiweka Johannesburg. Binamu alikuwa kwa mapumziko ya mchana, huko ni saa moja nyuma, akasimamisha fimbo ya mita moja dakika ile ile. Tulikuwa tumeandika majibu mawili kwa karatasi mapema. Dunia ikiwa bapa na jua likiwa kwa hizo kilomita 6,000, kivuli chake kingekuwa sentimita 91. Dunia ikiwa mviringo na jua likiwa mbali sana, kingekuwa karibu mita moja na sentimita 15. Picha ikaingia kwa WhatsApp na tepu imelazwa kando ya kivuli: mita moja na 14.

Mdogo wangu aliangalia hiyo picha kitambo. Kisha akasema, "Sawa. Lakini mwezini hawakuenda."

Haya basi, mwezi. Watu 12 walitembea huko kati ya 1969 na 1972, wakarudi na mawe na udongo wa kilo 382 ambao maabara za nchi nyingi zimeuchunguza. Waliacha vioo ambavyo mpaka leo vituo vya sayansi vinavilenga kwa mwale wa leza na kupata mwale ukirudi. Na wakati huo Warusi walikuwa wanashindana na Marekani kufa kupona, wakiwa na mitambo yao ya kusikiliza angani. Wangekuwa wa kwanza kupiga kelele. Jirani mwenye wivu ni shahidi mzuri kuliko rafiki.

Shaka yako ielekeze hapa

Fizikia amerudia, kama ulikuwa unangoja kujua. Shaka hajaacha na sitaki aache, nataka tu aipige mahali panapouma.

Kwa mfano: makubaliano ya San Marco. Kenya na Italia walisaini mapya 2016, na yanakuja na mambo matano: kuisaidia Kenya kwa shirika lake la anga, kuipa data, kituo cha kanda cha kuangalia dunia kutoka juu, elimu na mafunzo, na matibabu ya mbali kwa njia ya mitambo. Matibabu ya mbali! Ukiwa unaishi Ngomeni, uliza hospitali gani imeunganishwa. Uliza ni vijana wangapi wa Magarini wamepelekwa kusoma. Uliza MCA wako, uliza mbunge, andika barua kwa Shirika la Anga. Haya ni maswali yenye majibu, na kuna watu wanalipwa mshahara kuyajibu.

Uliza pia hili. Setilaiti ya kwanza ya Kenya, ile ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha angani tarehe 11 Mei 2018. Taifa-1, iliyogharimu shilingi milioni 50, ilirushwa California kwa roketi ya SpaceX tarehe 15 Aprili 2023. Sisi tuko juu ya moja ya sehemu bora duniani za kurushia roketi, majukwaa yanaota kutu mbele ya macho yetu, na chombo chetu kinapanda ndege kwenda kurushiwa Marekani. Kwa nini? Kuna hoja za pesa, usalama na mazingira, na kuna mipango imezungumzwa miaka nenda miaka rudi. Mimi ningependa kuskia hizo hoja zikisemwa Ngomeni, kwa Kiswahili, mchana, watu wakiwa na nafasi ya kurudisha maswali.

Kwa sasa weka tarehe hii kwa simu: Jumatatu, 2 Agosti 2027. Jua litapatwa kabisa kutoka kusini mwa Hispania, Misri, Saudia na Yemen mpaka ncha ya Somalia. Sisi wa Pwani ya Kenya tutaona limemegwa sehemu, alasiri. Tafuta mapema ile miwani maalum ya kupatwa kwa jua. Miwani ya kawaida ya jua, vioo vilivyofukizwa moshi na CD za zamani haviwezi kukulinda, macho yataungua bila hata kuskia maumivu. Ukikosa hiyo miwani, toboa tundu dogo kwa kadibodi, lipe jua mgongo, uache mwanga upite uanguke kwa karatasi. Utaona jua dogo lenye pembe, kama ndizi, limelala pale kwa karatasi yako.